Kupeleka mzigo nje bila kupita forodha: adhabu zake, na hatua za kukuepusha nazo

"Mahindi hayatozwi ushuru wa kutoka nje ya nchi. Sasa forodha wananikamatia gari kwa lipi?"

Kila msimu wa mavuno swali hili huulizwa kwenye vituo vya mpakani vya Namanga, Holili, Sirari na Mutukula, na mara nyingi anayeuliza ameshakamatwa. Si mwizi. Mzigo ni wake, kaununua kwa fedha yake, kalipa ushuru wa mazao wa halmashauri pale getini na stakabadhi anayo mfukoni. Anaamini kamaliza kila kitu. Lakini stakabadhi ya halmashauri si kibali cha forodha, na sheria inayomkamata haijali sana kama anadaiwa kodi au hadaiwi. Inauliza kama mzigo umetamkwa, yaani umeandikishwa forodha, umekaguliwa na umeruhusiwa kuvuka.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mtu huyo, dereva wake, na mwenye gari aliyekodisha bila kuuliza maswali. Mifano mingi ni ya Tanzania, ila sheria yenyewe ni ya pamoja: Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, iliyoanza kazi pamoja na Umoja wa Forodha Januari 2005. Tanzania, Kenya na Uganda zilianza nayo, Rwanda na Burundi zikajiunga mwaka 2009. Kwa hiyo kifungu kinachokukamata upande wa TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, ndicho kitakachokukamata ukishavuka upande wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya.

KOSA LENYEWE NI LIPI

Soma kifungu cha 2 kabla ya kingine chochote. Kinazungumzia bidhaa zisizopita forodha, na kinaziweka katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni bidhaa za kutozwa ushuru ambazo ushuru wake haujalipwa wote. Fungu la pili ndilo linaloumiza wengi: bidhaa yoyote, iwe ya kutozwa ushuru au isiwe, ambayo imeingizwa, imetolewa au imehamishwa kinyume cha sheria za forodha. Maharage yenye ushuru sifuri yakipitishwa njia ya panya usiku yanaingia hapo moja kwa moja.

Tafsiri ya magendo nayo imepanuliwa hivyohivyo. Ni magendo ukikwepa mapato ya serikali, na ni magendo pia ukikwepa katazo, zuio au sharti lolote linalohusu kutoa mzigo. Kukwepa cheti cha afya ya mimea kunatosha.

Utetezi mwingine unaosikika sana ni kwamba Kenya au Uganda ni wanajumuiya wenzetu, hivyo huko "si nje". Ni kweli sheria inaita kuuza nje pale mzigo unapotoka nje ya nchi wanachama zote, na mzigo wa kwenda nchi mwanachama inauita wa kuhamishwa. Lakini tafsiri ya magendo imetaja kuhamisha waziwazi. Utetezi huo usiupeleke mahakamani ukategemea ukuokoe.

ADHABU ZENYEWE

Kifungu kinachotumika zaidi ni cha 200. Anayesafirisha bidhaa zilizokatazwa, bidhaa zenye masharti bila kutimiza masharti, au bidhaa zisizopita forodha, akipatikana na hatia anakabiliwa na kifungo kisichozidi miaka 5, au faini ya asilimia 50 ya thamani ya bidhaa, au vyote viwili. Kifungu hichohicho kinamkamata anayenunua, anayehifadhi au anayeficha bidhaa hizo huku akijua, au akiwa katika hali ambayo alipaswa kujua. Mwenye ghala karibu na mpaka anayepokea magunia saa sita usiku na kuyatoa alfajiri kwa pikipiki, asijidhani yuko nje ya kesi.

Tufanye hesabu, maana asilimia ikikaa peke yake haimshtui mtu. Tuseme Fuso limebeba magunia 100 ya maharage, kila gunia kilo 100, na bei ni Sh 2,000 kwa kilo. Mzigo una thamani ya Sh milioni 20. Faini ni Sh milioni 10. Ukadhani ukishalipa milioni 10 utaondoka na maharage yako, umekosea, kwa sababu kifungu cha 210 kinaruhusu bidhaa zenyewe kutaifishwa. Hapo zimekwenda milioni 30. Halafu njoo kifungu cha 211: chombo kilichotumika kubeba mzigo huo nacho kinaweza kutaifishwa. Sheria imetaja magari, ndege, vyombo vya majini vyenye uzito wa chini ya tani 250, na hata wanyama. Punda wa kubebea magunia yumo, bodaboda imo, mtumbwi wa Ziwa Victoria umo, na jahazi lililopakia kwenye bandari bubu huko Bagamoyo au Tanga limo. Mtu aliyekuwa anakwepa gharama ya wakala na vibali anajikuta amepoteza gari ambalo pengine bado anadaiwa na benki.

Kifungu cha 202 kinahusu kuficha: bidhaa zilizofichwa kwa namna yoyote, zilizofungashwa ili kumpotosha ofisa, au zilizo kwenye vifungashio visivyolingana na kilichotamkwa. Kifungo ni hadi miaka 5 au faini ya asilimia 50 ya thamani. Mfano ni mabondo ya sangara, vile vibofu vya hewa vya samaki vilivyokaushwa, vinavyotafutwa sana na wanunuzi wa Hong Kong na China. Kwa kuwa ni mepesi na bei yake ni kubwa, watu huyatia katikati ya dagaa au nguo za mitumba na kuyavusha. Mfuko mdogo tu unaweza kuwa na thamani kuliko gari lililoubeba, na faini inapigwa kwa thamani.

Kifungu cha 203 ni cha nyaraka za uongo: tamko lisilo sahihi, ankara ya kughushi, cheti cha asili cha kubuni. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani. Kikomo hicho hakipimwi kwa thamani ya mzigo. Kwa mwenye Fuso letu la maharage, dola 10,000 ni zaidi ya mzigo wote. Ndiyo maana nawasihi wafanyabiashara wasikubali kamwe ushauri wa "tuandike nusu, nusu tunapita nayo hivihivi".

Lipo jambo jingine ambalo wengi hulijua wakiwa kizimbani. Katika kesi nyingi za jinai ni upande wa mashtaka unaothibitisha kila kitu. Katika kesi za forodha, kifungu cha 223 kinakutwisha wewe kuthibitisha kwamba ushuru ulilipwa, kwamba mzigo ulitoka kihalali, na kwamba asili yake ni pale unaposema. Usipokuwa na karatasi, maneno yako hayana pa kusimamia.

Juu ya sheria hii zipo nyingine zinazoweza kupandishwa pamoja nayo. Nyara za serikali, kama meno ya tembo, ngozi za chui au wanyama hai, zinaangukia Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na makosa yake yakishtakiwa kama uhujumu uchumi yanabeba kifungo cha miaka 20 hadi 30. Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya 100, twiga wakiwemo, walipakiwa kwenye ndege katika Uwanja wa Kilimanjaro na kupelekwa Qatar. Mwaka 2016 serikali ikazuia kusafirisha wanyamapori hai. Madini yana Sheria ya Madini na Tume yake, na tangu masoko ya madini yafunguliwe mwaka 2019 kisingizio cha kukosa mahali pa kuuzia kihalali hakipo tena. Fedha taslimu za kufikia dola 10,000 au zaidi nazo zinatamkwa mpakani.

NANI ANABEBA LAWAMA

Wakala wa forodha akifanya jambo kwa niaba yako, kifungu cha 147 kinamhesabu kama mwenye mzigo, na anawajibika yeye mwenyewe. Wafanyabiashara wengi huishia hapo, wakaamini wakala ndiye atakayebeba. Endelea kusoma kifungu cha 148: mwenye mzigo naye anawajibika kwa matendo na matamko ya wakala wake, na anaweza kushtakiwa kama vile kosa kalitenda yeye. Kinga iliyopo ni moja tu, kwamba mwenye mzigo hatafungwa jela kwa kosa la wakala isipokuwa aliridhia kosa hilo. Faini haimo kwenye kinga hiyo.

Dereva na utingo hukamatwa kwanza kwa sababu ndio waliopo. Dereva, kabla hujawasha gari, dai nakala ya tamko na ruhusa ya forodha, ulinganishe jina la mwenye mzigo, aina ya bidhaa, idadi na namba ya gari. Tajiri akikwambia karatasi zinakusubiri mpakani, mwambie na wewe utakuwa unazisubiri hapohapo ulipo.

HATUA ZA KUFUATA KABLA MZIGO HAUJATOKA

Hatua ya kwanza: jua bidhaa yako iko fungu gani. Jedwali la Tatu la sheria linataja bidhaa zilizokatazwa kutoka na zile zinazotoka kwa masharti. Kwenye masharti utakuta mbao za miti iliyokuzwa nchi wanachama, mkaa, vyuma chakavu, betri za magari zilizotumika, na samaki wabichi wa sangara na sato ambao hawajasindikwa. Tazama pia kama bidhaa yako ni miongoni mwa chache zenye tozo ya kutoka. Kwa Tanzania, korosho ghafi zimekuwa zikitozwa asilimia 15 ya thamani ya FOB (bei ya mzigo ukishapakiwa kwenye chombo cha kutoka) au dola 160 kwa tani, kwa kufuata kiasi kilicho kikubwa, na ngozi ghafi asilimia 80. Viwango hivi hupangwa kwenye bajeti, hivyo kila Julai uliza upya.

Mbali na jedwali, fuatilia matamko ya serikali. Juni 2017 serikali ilizuia mahindi yasiyosagwa kutoka nje, na waliokuwa njiani wakajikuta wamebeba kitu ambacho walipoondoka nyumbani kilikuwa halali. Mwaka 2023 malori ya mahindi yalikwama mipakani kwa sababu wafanyabiashara hawakuwa na vibali. Kabla ya kununua mzigo mkubwa, pita ofisi ya TRA ya forodha iliyo karibu au ya Wizara ya Kilimo uulize hali ya siku ile. Ukiuliza baada ya kununua, umeshafungwa mikono.

Hatua ya pili: weka sawa utambulisho wako. TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara inayolingana na unachofanya, na ankara ya mauzo yenye jina na anwani ya mnunuzi. Ankara iandikwe bei mliyokubaliana, maana ndiyo msingi wa thamani, na ndiyo faini itapigiwa ukikosea.

Hatua ya tatu ni vibali vya taasisi, na hapa ndipo muda mwingi unapokwenda. Mazao ya mimea yanahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Nafaka zinahitaji kibali cha Wizara ya Kilimo, kinachoombwa kwa mtandao. Vyakula hupimwa mionzi na TAEC, tume ya nguvu za atomiki. Mbao na mazao mengine ya misitu ni TFS, wakala wa misitu. Samaki na mabondo ni Wizara ya Mifugo na Uvuvi, leseni ya kusafirisha na cheti cha afya vikiwemo. Kahawa iko chini ya Bodi ya Kahawa. Kagera wanaifahamu vizuri habari ya kahawa kuvushwa kwenda Uganda kwa sababu bei ya ng'ambo ilikuwa nzuri siku ile, na mkulima aliyeuza butura, kahawa ikiwa bado mtini, hana hata karatasi ya kuonyesha.

Usiishie kwenye vibali vya huku. Uliza nchi inayopokea inataka nini. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, na ilipofungua tena baada ya siku chache iliweka masharti, likiwemo la cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Mzigo uliotoka kihalali Tanzania ukirudishwa na Kenya, gharama za kusubiri ni zako, na ndipo wapambe hujitokeza na ofa ya kukupitisha kichochoroni. Watu safi kabisa wameingia kwenye magendo kwa mlango huo.

Hatua ya nne: chukua wakala mwenye leseni ya TRA ya mwaka husika. Omba kuiona. Mpe barua ya uwakala yenye maelezo ya mzigo huo mmoja, usimpe idhini ya jumla isiyo na mwisho. Malipo ya serikali yafanyike kwa namba ya malipo iliyotolewa na mfumo, kwa jina lako, upate stakabadhi. Fedha taslimu umpe za huduma yake tu.

Hatua ya tano ni tamko la forodha, lile mawakala wanaloliita TANSAD, linaloingizwa kwenye mfumo wa dirisha moja wa Tanzania, TANeSW. Usimwachie wakala akamaliza peke yake. Keti naye, au akutumie rasimu kwenye simu, uisome mstari kwa mstari. Nitaeleza kwa nini. Tuseme tamko linasema magunia 300. Wakati wa kupakia shambani, mwenye shamba anakuuzia mengine 20 kwa bei ya kutupa, nawe unayatia juu. Hujaficha kitu, yanaonekana kabisa. Lakini gari likifika kwenye mizani au skana, uzito hauendani na karatasi, na kuanzia dakika hiyo tamko lako "si sahihi" kwa maana ya kifungu cha 203, na yale 20 hayajapita forodha kwa maana ya kifungu cha 200. Magunia 20 yamekuletea kesi mbili. Kama umeongeza mzigo, simamisha gari, mpigie wakala, arekebishe tamko kabla gari halijaingia eneo la forodha. Kurekebisha mapema ni jambo la kawaida. Kugunduliwa ndiko kunakogeuka kesi.

Angalia pia msimbo wa bidhaa, yaani namba ya forodha inayoitambulisha aina yake. Maharage ya chakula na maharage ya mbegu hayana msimbo mmoja, na vibali vyake havifanani. Hapa muulize wakala akueleze kwa nini kachagua msimbo huo. Asipoweza kukueleza, tafuta mwingine.

Hatua ya sita: ukaguzi, kupakia na lakiri. Mzigo haupakiwi kwenye chombo cha kutoka kabla ya ruhusa ya forodha. Lakiri, yaani kile kifungo chenye namba ambacho forodha hufungia mzigo, ikishapigwa isiguswe na mtu asiye ofisa. Gari likipata ajali au kuharibika na ikalazimu mzigo uhamishwe, toa taarifa forodha na polisi kabla ya kuhamisha, upige picha namba ya lakiri ikiwa bado nzima. Lakiri iliyokatwa bila maelezo ni kosa linalojitegemea.

Hatua ya saba: mpakani, usipite tu kwa kuwa geti liko wazi. Kwenye vituo vya huduma za pamoja kama Namanga na Holili/Taveta, nchi zote mbili zinahudumia chini ya paa moja, na ni rahisi dereva kudhani mhuri mmoja umemaliza. Hakikisha mfumo umeandika kwamba mzigo umetoka. Uthibitisho huo una faida nyingine: bidhaa za kuuzwa nje hutozwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia sifuri, na ukitaka kurejeshewa VAT uliyolipa kwenye manunuzi yako, lazima uonyeshe kwamba mzigo ulitoka kweli. Anayevuka kwa njia ya panya anajinyima pia fedha hiyo.

Hatua ya nane: tunza nyaraka zote miaka 5. Ofisa ana haki ya kuzidai katika muda huo hata kama mzigo umeshaliwa na kusahaulika. Mali bila daftari huisha bila habari. Piga picha kila karatasi, zihifadhi kwenye barua pepe yako, usitegemee simu ya wakala.

KWA MFANYABIASHARA MDOGO

Mama mwenye magunia mawili ya vitunguu hahitaji kupita mlolongo wote huo. Kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na thamani yake haizidi dola 2,000, upo utaratibu rahisi, ambapo cheti rahisi cha uasili hutolewa palepale mpakani na maofisa wa forodha. Anajaza fomu fupi, anaonyesha mzigo, anavuka. Masharti ya afya ya mimea na bidhaa zilizokatazwa yanabaki palepale, ila mzigo wa karatasi umepungua sana.

Nasikitika kuona utaratibu huu unavyotumika kidogo. Kina mama wengi bado wanawalipa vijana wa bodaboda wavushe mizigo porini, kwa fedha inayokaribia faida yao yote, wakikimbia ofisi ambayo ingewahudumia kwa haki. Huko porini mzigo ukikamatwa hawana pa kuulizia, na ukiibwa hawana pa kulalamikia. Kama wewe ni kiongozi wa kikundi au wa soko la mpakani, omba ofisa wa forodha aje aeleze utaratibu huu sokoni kwa maneno ya kawaida. Elimu kwa mlipakodi ni sehemu ya kazi ya mamlaka.

Jambo la kukwepa ni kugawa mzigo mmoja mkubwa kwa watu kumi ili kila kipande kiwe chini ya dola 2,000. Maofisa wanaujua mchezo huo, na siku ukikamatwa, kipimo kitakuwa thamani ya mzigo mzima.

IKIWA UMESHAKAMATWA

Usikimbie na usitoe kitu kidogo. Rushwa ni kosa jingine lenye kesi yake, na ukiombwa wewe, namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, ni 113.

Dai taarifa ya ukamataji kwa maandishi. Mali ikikamatwa bila mwenyewe kuwepo, sheria inampa ofisa mwezi mmoja kumpa mwenye mali taarifa ya maandishi yenye sababu. Ukiishika karatasi hiyo, tazama mambo manne: tarehe, orodha ya bidhaa na idadi yake, namba ya gari, na kifungu kilichotajwa. Hesabu magunia mwenyewe kabla ya kusaini. Kama idadi iliyoandikwa si uliyoihesabu, iandike idadi yako pembeni ya sahihi.

Kisha hesabu siku. Una mwezi mmoja kuanzia tarehe ya kukamatwa au ya taarifa kumwandikia Kamishna wa forodha kwamba unadai mali yako. Huu ndio muda unaopotezwa na watu wengi kuliko wote, wakizunguka kutafuta "mtu wa ndani". Mwezi ukipita bila barua, mali inahesabiwa imekwenda. Ukiandika kwa wakati, Kamishna anaweza kukutaka ufungue shauri la kuidai, au alifungue mwenyewe, na hapo unapata nafasi ya kusikilizwa na mahakama. Barua ipelekwe kwa mkono, nakala igongwe mhuri wa kupokelewa. Kama mzigo ni wa kuharibika, kama nyanya, parachichi au samaki, taja hivyo siku ileile, kwa sababu sheria inaruhusu vitu vya namna hiyo viuzwe mapema badala ya kuachwa vioze.

Utaelezwa pia njia ya kufifilisha kosa chini ya kifungu cha 219. Maana yake unakiri kosa kwa maandishi, unamwomba Kamishna alimalize, naye anakuamuru ulipe kiasi kisichozidi faini ambayo mahakama ingetoza. Ukilipa, hushtakiwi tena kwa kosa hilo. Kwa mtu ambaye kweli amekosa, mara nyingi hii ndiyo njia yenye nafuu, kwa sababu kesi inaweza kuvuta miezi huku gari limelala. Lakini amri hiyo ni ya mwisho, haina rufaa. Naona watu wakisaini kukiri bila kusoma, wakitaka tu gari litoke leo. Soma kwanza. Uliza mambo mawili kabla ya kusaini: mzigo utarudishwa au umetaifishwa? Na gari? Majibu yawemo kwenye amri yenyewe. Kama huamini umetenda kosa, usikiri. Tafuta wakili, au kituo cha msaada wa kisheria kama huna uwezo.

Mgogoro ukiwa juu ya uamuzi, kwa mfano thamani waliyokupangia au msimbo waliokubadilishia, njia ni kifungu cha 229. Unaandika maombi ya mapitio kwa Kamishna ndani ya siku 30 tangu uamuzi, ukieleza sababu. Aliyechelewa kwa kuugua, kwa kuwa nje ya nchi au kwa sababu nyingine ya msingi anaweza kukubaliwa. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu kwa maandishi na kutoa sababu, na asipojibu ndani ya muda huo sheria inahesabu kwamba amekubali maombi yako. Ndiyo maana mhuri wa kupokelewa na tarehe yake ni mali. Usiporidhika na jibu, kifungu cha 230 kinakupa siku 45 kukata rufaa: Tanzania ni Bodi ya Rufani za Kodi, Kenya na Uganda ni mabaraza yao ya rufani za kodi.

Mwenye gari ambaye si mwenye mzigo aandike barua yake peke yake ndani ya mwezi uleule, asisubiri ya mwenye mzigo. Aambatanishe kadi ya gari, mkataba wa kukodisha, na nakala ya nyaraka alizoonyeshwa siku ya kupakia.